Krome ya Mkuu wa Karakana

Siku yangu ya kwanza kazini sikushika rangi, nilishika ndoo. Mkuu wa Karakana, mtu mfupi mwenye sauti ya kuita ng'ombe walio bonde la pili, alinipa maji na sabuni ya unga, akanionyesha mlango wa lori. "Osha." Nikaosha. Akapitisha kidole, akakinusa. "Osha tena." Mara ya tatu nikathubutu kusema, "Mkuu, mimi nimekuja kujifunza kupiga rangi."

"Na ndicho unachojifunza! Osha kwanza, msasa baadaye. Ukianza na msasa, mafuta yote unayasukumia ndani ya mikwaruzo. Halafu rangi ishike nini? Ishike uongo wako?"

Nilikaa chini yake miaka mingi hapa Tukuyu. Aliniudhi, sifichi. Lakini kila alichonifundisha kilinilisha mimi na wanangu.

Baadaye nilikwenda Mbeya, kwa Fundi Mkuu mmoja asiyesema neno kabla ya chai. Huyo ndiye aliyenifundisha kulinganisha rangi. "Usiamini kopo," alisema. "Kopo linajua gari lilivyotoka kiwandani. Jua lililolipiga tangu hapo halilijui." Kwa hiyo unachanganya kidogo kidogo, unapuliza kwenye kifuniko cha bati, kikikauka unakisogeza karibu na mlango wa gari, nje penye mwanga. Chini ya paa kila rangi inafanana, na hapo ndipo vijana wengi wanaponaswa.

Nikarudi nyumbani, nikafungua banda langu Msasani, hii ya hapa hapa Tukuyu. Nilipiga rangi mpaka magoti yakagoma na kifua kikachoka na harufu ya thina. Mwaka huu nikatangaza kwamba nafunga. Jumatatu ya wiki ile ile niliyotaka kufunga, ikaingia pikapu ya rangi ya damu ya mzee. Niliitambua kabla haijazimwa. Ilikuwa ya Mkuu wa Karakana, marehemu, na aliyeshuka ni mjane wake, Mama Tusa.

"Ugonile, fundi," akanisalimu kwa Kinyakyusa.

"Ndaga, mama. Karibu sana."

"Jumamosi Tusa anaolewa kule Mpuguso. Gari la baba yake ndilo litakalompeleka kanisani. Lakini tazama hili bampa la krome, jamani, limefanya ukurutu wa kutu! Lipake rangi ya bodi, pamoja na shoo, huu wavu wa mbele, na vifuniko vya vioo vya pembeni. Wewe alikufundisha yeye mwenyewe. Sitaki mwingine."

Ningekataaje? Kazi yangu ya mwisho iwe kwenye gari la mwalimu wangu! Moyo ulinijaa, nusura nilie mbele ya mteja.

Krome ni mjeuri. Ni laini kama kioo, rangi haipati pa kung'ang'ania. Lazima uikwaruze kwa msasa mpaka mng'ao wote ufe, upulize praima ya kung'atia, ile rangi ya chini inayoshika chuma, ndipo uje na rangi yenyewe. Nikaitazama ile krome. Penye kutu palikuwa pabaya, lakini kwingine kote iling'aa vizuri. Nikajisemea, hii imeshaoshwa. Nikachukua msasa.

Ndiyo. Mimi, niliyewafokea vijana miaka yote hiyo.

Jumanne nikapuliza. Rangi ilifanana na bodi hata mimi mwenyewe nikatabasamu. Niliona vitobo vidogo vidogo pembeni, nikausingizia ukungu, maana hapa kwetu ukungu haukosekani. Alhamisi asubuhi nikabandua ile tepu ya karatasi niliyokingia taa, na rangi ya bampa ikaifuata, ikachubuka kama ganda la ndizi mbivu.

Nilikaa chini kwenye kopo tupu. Wazo la kwanza lilikuwa la aibu: ziba hapo palipochubuka, puliza juu, itafika kanisani. Nani atajua? Lakini ingechubuka kwenye mvua ya kwanza, mbele ya wakwe, na jina la marehemu lingetajwa kwa kicheko. Nikafunga banda, nikaenda kwa Mama Tusa kwa miguu, nimeshika kofia mkononi.

"Mama, nimeharibu. Rangi haikushika. Krome ilikuwa na mafuta, nami sikuiosha."

Akashika mdomo. "Yesu wangu! Parachichi!"

"Parachichi?"

"Mzee alikuwa analisugua lile bampa kwa parachichi kila Jumamosi, lisipate kutu. Nami nimeendelea, kwa kumkumbuka. Hata Jumatatu nilisugua kwanza. Niliona haya kukuletea fundi gari chafu."

"Si kosa lako, mama. Kuosha ni kazi yangu. Yeye asingesahau."

Mama Tusa akanitazama, akaanza kucheka mpaka machozi. "Asingesahau? Tata, gari la kwanza alilopiga rangi ujanani lilimchubukia lote, mbele ya bosi wake. Alirudi nyumbani akalia kama mtoto. Wewe ulidhani ile 'osha kwanza' aliitoa wapi?"

Nikavaa kofia yangu. Nilijisikia mwepesi ghafla, kama nimetuliwa mzigo.

Tulirudi bandani wote wawili. Nikaondoa rangi yote. Yeye akakunja mikono ya gauni, akashika ndoo. Tukaosha kwa sabuni, nikafuta kwa thina, tukaosha tena. Nikapitisha kidole, nikakinusa. Ndipo nikashika msasa. Ijumaa jioni nikapuliza mara ya mwisho.

Jumamosi mvua ilinyesha kwelikweli. Watu walimtazama bibi harusi; mimi, Mungu anisamehe, nilitazama bampa. Maji yaliteleza juu yake na rangi ikatulia.

Nimeshafunga banda sasa. Kwa ninyi mnaoanza, sina jipya la kuwaachia zaidi ya ile ndoo. Nanyi mtakosea, kaoneni aibu yenu, kisha mkaoshe upya. Miezi kadhaa baada ya harusi pikapu ile ilisimama mlangoni kwangu, Tusa akiwa usukani, ameniletea mkungu wa ndizi. Niliinama kukagua bampa. Rangi ilikuwa imara, haina hata mkwaruzo, ila ilikuwa inanukia parachichi.

"Mama kasugua asubuhi," Tusa akasema, anacheka.

"Mwache asugue," nikamwambia. "Chini yake tumeosha."