Mume wangu alishuhudia kanisani amepona mgongo, sasa jaji anataka kusikia kama anaumwa

Admin, jina langu lifiche kabisa, maana huku Arlington Wakenya tunajuana hadi namba za magari. Nina miaka thelathini na nane, nimeolewa, tuna binti wa miaka tisa, na kazi yangu ni kuwahudumia wazee kwenye nyumba ya wagonjwa. Visa vya hapa navisoma sana, na mimi ndiye wa kwanza kukomenti "achana naye". Leo yamenifika mwenyewe na sina la kujiambia.

Mume wangu aliingia jeshi la Marekani mara tu tulipopata makaratasi ya kuishi hapa. Alikuwa dereva wa malori. Huko vitani lori likapinduka, akatoka mzima kwa kumtazama, lakini mgongo uliharibika na neva ikabanwa. Mguu wa kushoto unawaka moto kuanzia kiunoni hadi kwenye unyayo, halafu unakufa ganzi asijue kama amevaa kiatu au la. Soksi namvalisha mimi.

Tulipoomba fidia ya ulemavu wanayopewa wanajeshi wa zamani, aliitwa kupimwa na daktari, nami nikampeleka. Jamani, alijiandaa kama anayeenda kuposa. Suti, kinyozi, viatu vinang'aa. Mkongojo akauacha garini, eti mtu haendi mbele ya wakubwa akijikokota. Daktari akamuuliza anaendeleaje, naye akajibu vile tulivyolelewa kumjibu mgeni, kwamba yuko sawa, anamshukuru Mungu. Akaambiwa ainame na aseme pale maumivu yanapoanza. Yeye akainama mpaka chini bila neno, jasho linamtiririka, kwa sababu aliuona ni mtihani wa kufaulu. Tulipotoka akaniambia, "Nimepita." Kisha akashindwa kuuingiza mguu garini, nikauinua mimi.

Majibu yalipokuja, mgongo waliukubali kidogo tu na mguu wakaukataa, wakisema mgonjwa mwenyewe ameeleza kwamba hana shida kubwa. Siwezi kuwalaumu, waliandika walichoambiwa. Tukakata rufaa. Kuna mzee mmoja Houston, naye alikuwa jeshini, anawasaidia wenzake na rufaa hizi. Tuli-drive kwenda kumwona, tukisimama njiani kila mara ili mume wangu alale kwenye nyasi kando ya vituo vya mafuta. Kule ofisini alishindwa kukaa kwenye kiti, akalala chini sakafuni. Mzee akamwambia, "Kwa jaji utaeleza siku zako mbaya, hivi hivi ninavyokuona. Na mkeo aandike anachokiona nyumbani." Nilirudi nimejaa matumaini.

Basi likaja juma la maombi kanisani kwetu. Asubuhi ile alikuwa amekunywa dawa mpya na zikamkubali. Mchungaji akamwekea mikono, kanisa zima likaimba, na mume wangu akatupa mkongojo, akatembea mpaka madhabahuni. Watu walilia, hata mimi nililia. Alishika kipaza sauti akashuhudia kwamba amepona. Mkongojo ukatundikwa ukutani nyuma ya mimbari, uko pale mpaka leo.

Jioni dawa zilipoisha nguvu, maumivu yakarudi pale pale. Lakini nani wa kumwambia mchungaji? Jumapili anatembea wima hadi kiti cha mbele, anasalimia kila mtu, na tukifika garini anauma kola ya shati ili mtoto asimsikie. Dukani kwa Wakenya haingii tena, anaogopa kuonwa akichechemea.

Nikamwambia, "Baba, kesi inakuja. Utamwambia nini jaji?"

Akasema, "Nikisema naumwa, nimemfanya Mungu mwongo mbele ya kanisa zima. Nikinyamaza, nitaumia mimi peke yangu."

"Na mimi ninayekuinua chooni je?" Akageukia ukutani.

Nilimfuata mchungaji kwa heshima zote. Akaniambia, "Dada, uponyaji unalindwa kwa kinywa. Usimrudishie mumeo ugonjwa." Nikamwomba aje nyumbani asubuhi moja amwone akishuka kitandani. Alisema atakuja, na mpaka leo hajaja. Hasira niliyo nayo hapo naiacha, nisije nikakufuru.

Juzi nikiwa kazini binti yangu akanipigia, baba yuko chini jikoni. Nikamuuliza ameumia wapi. Akanijibu kwa Kiingereza chake, ametulia kabisa, kwamba baba hajaumia, baba alishapona, ila hawezi kusimama na amemkataza kumwita jirani. Niliacha kazi nikatoka mbio. Mtoto wangu anajifunza kusema maneno kama hayo na sisi ndio tunaomfundisha.

Kesi ni wiki ijayo. Mzee wa Houston anasema mume wangu akikataa kuongea, kitakachobaki ni maelezo yangu, na bila hayo mguu hautatambuliwa. Nimeshayaandika, yote, hadi ya chooni. Mume wangu ameyasoma. Nilitegemea afoke, hakufoka. Alisema tu, "Ukiyatuma sitakuacha. Lakini kanisani sitaweza kurudi, na nchi hii yote hakuna mahali pengine wanaponihesabu mtu."

Hapo ndipo nimekwama. Nikiyatuma, atapata matibabu na haki yake, lakini nitakuwa nimemtoa mahali pekee anapoinua kichwa. Nisipoyatuma, nitaendelea kumwokota sakafuni huku tukiimba haleluya. Wenye kunitukana mnitukane, nitavumilia, ila mniambie na la kufanya. Mzee ameniambia anasubiri sahihi yangu mwisho Ijumaa.