Shangazi yangu na kiboko wa Same wana jina moja, na kikao cha ukoo kilikaa

Wakuu, salamu zenu popote mlipo. Hiki ni kisa changu mwenyewe, chumvi sijatia. Asiyeamini aje Same nimwonyeshe kiboko mwenyewe.

Mimi ni Mpare wa Bombo, kule juu milimani. Kazi yangu iko huku chini tambarare, kwenye bustani ya wanyama ya mtu binafsi. Nakata tiketi getini, na kwa vile simu yangu ina kamera nzuri kuliko ya bosi, mimi ndiye narusha klipu mtandaoni.

Zamani hata hazikuwa na wa kuziangalia. Mbuni, pundamilia, viboko wawili wanaolala kutwa. Wengi walikuwa wanaingia kutafuta kivuli tu.

Halafu kiboko jike akazaa.

Jamani, kale katoto! Kanono, kanang'aa kama kamepakwa mafuta ya kupikia, masikio yanacheza muda wote. Kalikuwa na ugomvi wake binafsi na gambuti la mhudumu. Akiingia kusafisha tu, kanaling'ang'ania. Meno hakana, hasira kanazo.

Nikarusha klipu. Kulipokucha komenti zilikuwa hazisomeki kwa wingi, watu wanauliza jina. Bosi akataka kaitwe Princess. Nikamwambia bosi, hilo ni jina la saluni.

Wiki hiyohiyo shangazi akashuka na ndizi zake kuja sokoni, akapitia kunisalimia. Ni dada wa marehemu baba, anaitwa Nakijwa. Hakujaliwa mtoto, ila mimi kanilea kipindi mama anaumwa, na fimbo zake bado nazikumbuka.

Nikampeleka kwenye uzio. Katoto kakasogea, kakamkazia macho, kisha kakampiga chafya ya maji kwenye kitenge chake cha kanisani. Shangazi alicheka mpaka akakaa chini. Mimi narekodi.

Akajifuta, akasema, "Huyu mpeni jina langu. Nimesubiri wajina mpaka nimechoka."

Nisimame hapa kidogo kwa wasio Wapare. Nyumbani kwetu jina halitungwi, linarithiwa. Binti wa kwanza anabeba jina la bibi mzaa baba, anayefuata la bibi mzaa mama, na kuendelea. Sasa kama hukuzaa, wajukuu huna, jina lako unaondoka nalo. Shangazi alikuwa akitania siku zote kwamba lake limebakiza kuandikwa mara moja tu, kwenye msalaba. Na sisi tulikuwa tunacheka. Wapumbavu kabisa.

Bosi alipoiona ile klipu akasema imepita. Kiboko Nakijwa.

Wakuu, moto ukawaka. Mabasi ya shule yakaja. Fulana zikachapishwa. Bodaboda wakabandika picha yake kwenye pikipiki. Maharusi walikuja kupiga picha na gauni lao jeupe, Nakijwa akawageuzia makalio, na ndiyo picha iliyosambaa kuliko zote.

Kisha simu ikaita. Baba mdogo.

"Wewe! Jina la bibi yetu umempa mnyama?"

Maana shangazi naye alilirithi kwa bibi yake. Ukoo mzima ukaitwa kikaoni Bombo, Jumapili baada ya ibada. Ajenda ni jina litolewe na shangazi aombe radhi.

Shangazi alinipigia kabla ya siku yenyewe. Hakutania. "Wakilitoa, nitakuwa nimefutwa ningali hai."

Nikapanda milima na mke wangu, mjamzito wa mimba yetu ya kwanza. Makande yakapakuliwa, lakini watu wamenuna kama kuna msiba. Baba mdogo akasimama.

"Juzi mtu kaniuliza Nakijwa kala nini leo. Nikamjibu kala makande. Kumbe anaulizia kiboko! Uso wangu niuweke wapi?"

Kuna watu waliinamia bakuli kuficha kicheko. Mimi mmojawapo.

Shangazi akainuka taratibu. "Watoto wenu wote nimewabeba mgongoni. Mkawapa majina ya mama zenu, ya wakwe zenu, mpaka la mke wa mchungaji. Nani alimpa wake langu?"

Baba mdogo akayatazama makande yake.

"Haya," shangazi akaendelea. "Kiboko kalipokea. Muacheni nalo."

Hapo akasimama mama yangu, ambaye kwa mila jina lake ndilo binti yetu angelibeba. Akasema, "Mtoto wa hawa akiwa wa kike, zamu ni yangu. Nampa wifi yangu."

Nikamgeukia mke wangu. Nilijua anachowaza: mwanetu atachekwa shule nzima. Akashusha pumzi, akasema kwa sauti, "Watakaocheka wacheke. Aitwe Nakijwa."

Shangazi alilia, wakuu. Sijawahi kumwona analia, hata tulipomzika baba. Na mimi machozi yalinitoka, sioni aibu kusema. Habari ya kulitoa jina ikaishia hapohapo, hakuna aliyeitaja tena.

Akazaliwa binti. Nesi anaandika, akacheka: "Nakijwa? Kama yule kiboko?"

Mke wangu, hoi kitandani, akamjibu, "Kama bibi yake. Kiboko naye kaiga."

Juzi shangazi kashuka tena, safari hii na kitoto mgongoni. Baba mdogo naye kaja, eti kumsindikiza, na ndiye wa kwanza kuomba selfi na kiboko. Shangazi akasogea kwenye uzio, akamgeuza mtoto aone. "Nakijwa, msalimie Nakijwa," akasema, kisha akanigeukia: "Na mimi mnisalimie. Tuko watatu."

Nilichojifunza ni kidogo tu. Kuna watu wametubeba mgongoni na hakuna mahali wameandikwa. Tusingoje msalaba.

Kila ukoo una shangazi wa hivi. Wa kwenu anaitwa nani? Liandike jina lake hapo chini, tulisome.