Nyonga Yangu Mikononi mwa Mkwe

Watoto wa siku hizi wakinijia niwasimulie vita vya maji, hukaa mkao wa kusikia bunduki. Bunduki gani? Mimi nilizisikia kwa mbali tu, upande wa Mohoro. Vita nilivyoviona mimi vilikuwa kwenye nyonga yangu ya kulia, na hata leo, uzee wote huu, nikivikumbuka navuta nguo nikajifunika uso, ingawa chumbani nimo peke yangu.

Kwanza mjue nilikuwa nani. Nilikuwa kungwi. Wasichana wa kijiji chetu, kule tunakoteremkia mtoni ukitoka Kibiti, wakivunja ungo waliletwa kwangu niwafunde usafi, unyumba, na kucheza ngoma kwa kiuno. Kiuno changu kilikuwa kinajulikana. Nasema bila haya, maana haya zangu nilikwenda kuzimalizia kwingine. Na somo nililolikazia kupita yote lilikuwa heshima ya ukwe. Mama na mume wa binti yake hawagusani, hawali pamoja, hawakai jamvi moja, hawatazamani usoni. Wakikutana njiani, mmoja aingie majanini mpaka mwenziwe apite. Mwali aliyecheka nikilisema hilo nilimfinya sikio mpaka machozi yamtoke.

Mume wangu alikuwa amekwisha kutangulia mbele ya haki, akaniachia binti mmoja tu. Huyo binti akaolewa na kijana wa Kimatumbi, wa milimani huko kusini, aliyekuja kwetu kulima. Baba yake alikuwa fundi wa kuunga mifupa na kurudisha viungo vilivyoteguka, na kijana alijifunza kwake. Mkwe wangu huyo sikumpenda wala sikumchukia, sikumjua. Tangu amwoe binti yangu, nilichokifahamu ni mgongo wake ukiingia majanini. Nikiwa na neno naye, nilimwambia binti yangu, naye akamwambia mumewe, hata kama kilichotutenga ni ukuta wa fito na yeye ananisikia vizuri kabisa.

Mwaka ule Wadachi walikuwa wanatulimisha pamba kwa bakora, na watu walikuwa wamechoka nayo mpaka basi. Ndipo yakaja yale maji ya dawa. Ikasemwa anayeyanywa, risasi ya Mdachi ikimfikia itageuka maji. Mkwe wangu akaenda akanywa. Dawa ilikuwa na miiko, na mkubwa wao ni huu: aliyekunywa asimguse mwanamke mpaka vita viishe, hata mkewe wa ndoa. Binti yangu akawa anamtengea chakula, kisha anasogea pembeni.

Asubuhi moja ikaja habari kwamba askari wametoka Mohoro na wanachoma vijiji. Sisi tulikuwa shambani, kando ya mto, na mimi nilikuwa dunguni. Dungu, kwa asiyelijua bonde letu, ni kibanda kilichosimama juu ya nguzo ndefu. Ndimo tunamokaa kuulinda mpunga usiliwe na nguruwe na viboko. Binti yangu akaniita, nikashuka. Mumewe alikuwa ameshausogeza mtumbwi matetini. Ningeingia tu, yote haya yasingekuwa. Lakini nikakumbuka mbegu ya mpunga. Niwaachie askari mbegu yangu? Thubutu! Nikapanda tena, nikashuka na kapu kichwani, na kipago kimoja cha ngazi kikakatika.

Nilianguka goti limekunjika. Nikasikia ndani ya nyonga kitu kikitoka mahali pake. Nilipojitazama, mguu wa kulia ulikuwa umekuwa mfupi kuliko wa kushoto, paja limegeukia ndani, goti limelalia goti la pili. Binti yangu akanishika makwapa aniinue. Lo! Nilipiga ukelele ambao hata siku ya kumzaa yeye sikuupiga.

"Mama, nyamaza, watatusikia!"

Moshi ulikuwa unaonekana tayari, upande wa kijijini.

Mkwe wangu alikuwa amesimama nyuma ya matete, mgongo ametupa sisi. Akasema, "Mwambie mama asiunyooshe."

"Mama, usiunyooshe," akasema binti yangu.

"Nimesikia! Mwulize ni nini."

Akaeleza, bado ametazama mto. Goti na kiwiko, alisema, ni kama mlango, hufunguka na kujifunga kwa upande mmoja tu. Nyonga siyo. Nyonga ni mfupa wenye kichwa cha mviringo, nao umekaa ndani ya kikombe kama mchi kinuni. Ndiyo maana mguu huenda mbele na nyuma, ukapanuka, ukazunguka. Sasa kichwa kimetoka kinuni kikalala nyuma. Kirudishwe sasa hivi, maana nyama zikishakaza hakirudi, na mama hatatembea tena.

"Basi akuelekeze wewe," nikamwambia binti yangu.

Akamwelekeza, na yeye akajaribu. Alilikunja goti langu akavuta, maskini, huku analia, lakini mikono yake ilikuwa haina nguvu za kutosha. Nilitafuna ncha ya kaniki niliyojitanda mpaka ikatoboka. Mwisho nikasema niacheni hapa, nendeni zenu. Nilisema kweli, sikuwa natafuta kubembelezwa. Afadhali askari anikute pale kuliko mkwe anishike paja. Binti yangu akaketi chini kwenye tope, akasema, "Siendi popote." Nikamjua kwa ukaidi, kanirithi mimi.

Hapo nikasikia matete yanapasuliwa. Sikumpa ruhusa, wala sikumkataza. Nilijifunika uso gubigubi.

Yaliyobaki niliyasikia tu. Nilisikia anachuma majani ya mgomba, anajifunga mikononi, ili ngozi yake isikutane na yangu. Akamwambia mkewe akalie mifupa ya nyonga zangu na kuibana chini kwa nguvu zote. Akaulaza mguu wangu juu ya goti lake, akalishika paja. Majani yakateleza, kwa jasho langu na lake. Akashika tena, yakateleza tena. Kisha nikasikia majani yanatupwa majini.

Mikono yake ilikuwa ya baridi. Akalikunja goti langu, akalisimamisha paja likaelekea juu, akalivuta polepole huku analizungusha kidogo ndani, kidogo nje. Hakuvuta kwa pupa. Mara ko! Mfupa ukaingia nyumbani kwake, na maumivu yakakatika palepale. Na mimi, kungwi, mfinya masikio ya watoto wa watu, nikaachia mkojo juu ya miguu ya mkwe wangu. Toba! Nilitamani ardhi ipasuke inimeze na kaniki yangu. Mkwe alivua kilemba akanifunga magoti mawili pamoja, akanibeba mgongoni mpaka mtumbwini, akakamata kasia.

Tulijificha huko chini mto unakogawanyika, kwenye kipande kikavu katikati ya mikoko, pamoja na watu wengine waliokimbia. Nikalazwa kwenye jamvi, ndani ya kibanda cha makuti, na agizo likanifikia kwa kinywa cha binti yangu: mama asisimame mpaka mwezi uandame, nyama zishike. Niliswali nimelala, kwa kuinamisha kichwa tu.

Kulala mchana kutwa kunachosha kuliko kulima. Nikaanza kujichezea viungo. Nilikunja kidole gumba nikaona kinaweza kuvifikia vidole vyote vingine, navyo haviwezi kufikiana hivyo. Nilikigeuza kiganja juu na chini, nikapapasa na kusikia mifupa miwili ya mkono ikipandana. Kutikisa kichwa kukubali na kukitikisa kukataa si kazi ya mahali pamoja shingoni, jaribuni wenyewe. Na kiuno changu kile cha kusifiwa! Miaka yote nafundisha kiuno, kumbe chenyewe hakizunguki sana, wanaocheza ngoma ni nyonga. Nikifika hapo kwenye nyonga naacha. Mikono ile ya baridi inanirudia, na mwili wote unanisisimka kwa aibu.

Nilidhani aibu ni yangu peke yangu. Sikumfikiria kijana wa watu hata kidogo.

Wanaume waliokunywa dawa walipokusanyika kwenda vitani, wakamwita. Akawaambia kweli, mjinga yule, hakujua hata kudanganya kidogo: mwiko umevunjika, nimegusa mwanamke. Wakamwuliza mwanamke gani. Akawaambia. Nilikisikia kicheko chao mpaka pale jamvini. Mmoja akasema kwa sauti, kila mtu asikie, "Mwoga huyu, kajificha nyuma ya paja la mkwewe!" Neno likapendwa. Siku nzima likawa wimbo wao, wakichota maji, wakipasua kuni, paja la mkwe, paja la mkwe. Paja langu likawa limeenea kambi nzima, na wanawake niliowafunda mimi wakawa wananiletea uji wametazama kando.

Jioni binti yangu akaja akakaa miguuni pangu. Alikuwa amelia mpaka macho yamevimba.

"Hali chakula," akasema. "Kesho anakwenda nao."

"Anakwendaje? Si dawa imeharibika?"

"Anajua. Anasema afadhali risasi kuliko neno lile."

Sikupata usingizi. Nilikuwa naona haya kutajwa, na huku mtoto wa mwenzangu anakwenda kufa kwa kutajwa huko huko. Nilijichukia.

Kulipokucha walijipanga, mikuki na magobori, majani yamefungwa vichwani, alama ya walioshika mwiko. Yeye alikuwa nyuma kabisa, ameshika mkuki, hajafunga jani. Nikajifungua kile kilemba magotini. Binti yangu akasema mama unafanya nini, nikamwambia nyamaza. Nikakamata nguzo ya kibanda, nikasimama.

Kisha nikamwita. Sikumtuma binti yangu. Nilimwita kwa kinywa changu mwenyewe, mbele ya watu.

"Wewe mkwe! Njoo hapa."

Wanawake wakashika midomo. Akaja, uso ameupeleka upande, anatembea kama anakwenda kuchapwa.

"Nipe bega."

Akasita. Nikalichukua mwenyewe. Lilikuwa limekaza kama gogo. Nikamwegemea, tukaenda hatua kwa hatua mpaka mbele ya wale wanaume, na kila hatua nilisikia nyonga inanichoma, na uso unaniwaka kuliko nyonga.

"Hilo paja mnaloliimba," nikawaambia, "ni hili hapa. Litazameni basi, mshibe. Lilitoka, huyu kalirudisha, na mimi nimesimama. Ninyi nani kati yenu anajua kurudisha kiungo? Mabega yenu yakiteguka huko mnakokwenda mtamletea nani, mbuzi? Mtaniletea mimi, nicheze ngoma? Huyu haendi. Nimesema mimi mama yake."

Hakuna aliyecheka. Yule mtunga neno akajifanya anakaza kamba ya gobori lake. Niliwafahamu wengi wao, mama zao tulichota maji pamoja, na nilikuwa nawatukana hivyo huku najua moyoni kwamba huenda siwaoni tena. Na wengi sikuwaona.

Wakaanza kuondoka. Bega la mkwe likasogea chini ya mkono wangu, likitaka kwenda. Nikalikamata kwa vidole vyote, na hicho gumba nacho.

"Mama," akasema. Alisema na mimi mwenyewe, si kwa kupitia mtu. Sauti yake ilikuwa nyembamba kuliko nilivyoizoea. "Mama, kaa chini. Nyonga bado haijashika."

"Haya, nimesikia."

"Utaiharibu."

"Iharibike!"

Jasho lilikuwa linanitiririka, watu wote wanatutazama, mimi na mume wa binti yangu tumeshikana kweupe. Nilikuwa nalia kwa aibu, tena kwa sauti, kama mtoto. Lakini bega sikuliachia mpaka wa mwisho wao alipopotea mikokoni, maana nilijua nikiliachia tu, atawafuata.