Ndege wa Ndani ya Kabati

Aibu hii bora niisimulie mwenyewe kabla mama hajawasimulia, maana yeye huongeza chumvi.

Mnajua nyumba niliyopewa na halmashauri hapa Aston, Birmingham, ilikuwa ya majaribio, mwaka mzima, ukivunja masharti unaondolewa, na Jumanne hiyo afisa wa nyumba alikuwa anakuja kukagua ndiyo nithibitishwe. Sasa kile king'ora cha moshi pale koridoni kilikuwa kinanitesa, nikitia tu chapati ya kwanza kinalia mpaka majirani wanatoka nje, kwa hivyo siku mbili kabla nikapanda kiti, nikakizungusha, kikatoka, nikakiviringisha kwenye blanketi nikakisukuma kabatini (nilitaka kukirudisha, wallahi, nikasahau).

Afisa akaja, Singasinga wa makamo, mpole, kilemba kichwani, kalamu mkononi. Anaangalia madirisha, mara kabati likasema: tii!

Akauliza kwa Kiingereza hiyo ni nini. Nami, sijui ulimi ulitumwa na nani, nikamwambia ni ndege wangu. Akafungua makaratasi: ndege ana kibali? Kumbe kufuga bila ruhusa nako ni kosa! Nikasema, aa, si wangu, ni wa shangazi, amekuja kututembelea tu. Tii!

Mama, aliyekuwa kwenye sofa na tasbihi yake, akaniuliza kwa Kiswahili, "Zamzam, kwani tuna ndege?"

"Mama, nyamaza! Huyu akijua nimeng'oa king'ora tutalala nje. Sema ni ndege."

"Na akitaka kumwona?"

"Mwambie amelala."

Yule bwana akafunika kalamu yake. "Dada," akasema, kwa Kiswahili safi (kumbe mzaliwa wa Kisumu!), "huyo ndege wenu betri imemwishia."

Mama alicheka mpaka tasbihi ikaanguka. Mimi nilitamani ardhi inimeze. Yeye hakucheka, alikitoa mwenyewe kabatini, akamtazama mama na mkongojo wake, kisha akaniuliza, "Moshi ukiingia mmelala, nani atamwamsha huyu mzazi?"

Mama akaacha kucheka, akaiokota tasbihi yake. Nikakipokea, nikapanda kiti, nikakirudisha mahali pake.

Hata chai alikataa. Nikaongezewa miezi sita ya majaribio.

Siku hizi kikilia nafungua madirisha, nakipepea kwa taulo. Na mtu yeyote akibisha mlango wangu hapa Birmingham, awe na kilemba au nywele za manjano, namwamkia kwanza kwa Kiswahili, nione kama ataitikia.