Masunga na Koti la Babu Yake

Si kweli kwamba mjukuu wangu Masunga alimtukana marehemu mume wangu msibani. Wengi mnaosema hivyo sokoni Mpanda hamkuwapo kijijini kwetu Litapunga siku ile. Wengine mlikuwapo, na mlicheka.

Kwetu Wasukuma mjukuu ni mtani wa babu yake, hata kaburini. Methusela alipofariki, Masunga alivaa koti lake, akashika fimbo yake, akawafokea waombolezaji kwa sauti ileile ya marehemu: "Nyie wote mko hapa mnalia, ng'ombe wangu wako na nani? Na huyo mkwe! Mimi nimekufa mara moja tu, yeye anakula mara tatu!" Nilicheka huku machozi yakinitoka. Ile ilikuwa heshima.

Mtu alirekodi kwa simu. Haukupita muda, ukumbi mmoja wa mjini ukamwita achekeshe, kisha Tabora, kisha Dar es Salaam. Huko mwenye ukumbi akamwambia mambo ya babu yamechosha, aseme ni baba yake. Masunga anazijua mila, lakini alikubali. Vicheko vikazidi, akawa mtu wa redioni.

Kwetu mtoto hamtanii baba. Na baba yake, mwanangu Ezekia, yu hai, ni mzee wa kanisa. Akienda mnadani na ng'ombe, vijana wakawa wanamtania kwa maneno ya Masunga: "Anakula mara tatu!" Ezekia akakataza jina la Masunga lisitajwe nyumbani kwake.

Nikampigia Masunga.

"Mrudishe babu yako jukwaani."

"Bibi, nimejaribu Dodoma. Nikisema babu wanapiga miluzi."

"Waache wapige."

"Wakipiga miluzi nashuka, Bibi. Na nikishuka, nani ataniita tena?"

Mwaka jana akaja kufanya onyesho mjini Mpanda. Nilimsihi Ezekia aende. Alikubali kwa sharti moja: mtoto aseme babu mbele za watu, yaishe. Tulikaa mstari wa mbele.

"Babu yangu Methusela," Masunga alianza.

"Baba! Tuletee baba!" ukumbi ukapaza sauti.

Akarudia kusema babu. Wakagonga meza, wakazomea. Alimtazama Ezekia, jasho likimtiririka ndani ya lile koti, akatazama mlango, akawatazama watu.

"Haya," akasema. "Baba yangu..."

Ukumbi ukalipuka kwa vicheko. Ezekia akainuka, akatoka. Masunga alimwona akitoka, lakini hakunyamaza. Aliendelea na sauti ya marehemu mpaka mwisho, na kila walipocheka ilimbidi aongeze.

Asubuhi alikuja Litapunga, akabisha hodi kwa baba yake. Hakufunguliwa. Jioni alikuwa na onyesho Tabora, akaondoka.

Kwa hiyo mjukuu wangu si mtovu wa adabu, na mwanangu si katili. Kama mlango ule utafunguliwa, au nani alilia asubuhi ile, ni mambo ya ukoo wetu. Mkinikuta kanisani nisalimieni. Msiniulize, sitajibu.