Sindano Alizozikosa Mama Akiwa Edani

Mimi ni mwepesi wa kuamua mambo ya watu. Nyumbani kwetu Bagara, kwa kuwa nilikuwa binti mkubwa, nilikuwa nikijibu hata nisichoulizwa, na mama alishanizoea.

Mama alikuwa na duka la nyuzi, vifungo na zipu karibu na soko. Mkoa wa Manyara tulikuwa bado tunauita mpya. Ofisi zilikuwa zikifunguliwa, sare zikishonwa, na mafundi cherehani walimletea vipande vya vitambaa awatafutie uzi wa kufanana. Alikuwa akitoka na kipande hadi mlangoni kwenye mwanga, anakitazama, kisha anarudi ndani na kuuchomoa uzi wenyewe. Mjini hapa hakuna aliyemfikia kwa hilo.

Jicho lake la kushoto liliharibika kabla hatujajua kwamba kuna ugonjwa. La kulia lilipoanza kuweka doa katikati ya kila alichokitazama, nikampeleka Moshi. Daktari alituambia vishipa vidogo nyuma ya jicho vinavuja, na dawa yake ni sindano ndani ya jicho lenyewe, kila mwezi. Baada ya sindano ya tatu mama akarudi kuchagua nyuzi zake. Daktari akatusisitizia tusikose tarehe hata moja.

"Jicho hili likiharibika haliumi," alisema. "Ndiyo ubaya wake."

Kisha baba akafariki, na mama akakaa eda. Siku ya sindano ilipokaribia aliniuliza taratibu, "Na Moshi je?"

"Mama, eda ni eda," nikamjibu. "Macho yatasubiri."

Sikwenda kumuuliza shehe, ingawa nilikuwa nikipita mlangoni kwake kila siku. Kusema kweli niliwaogopa shangazi zangu. Nilishawasikia kichwani mwangu wakisema mjane wa kaka yao anapanda mabasi hata udongo wa kaburi haujakauka.

Tarehe ya kwanza ikapita, ikapita ya pili. Siku moja mama akaniambia mwimo wa mlango umepinda. Nikaenda kuutazama, nikaupigapiga kwa kiganja, nikamwambia nyumba imezeeka. Nikarudi jikoni nikiwa nimeridhika na jibu langu. Tarehe mbili nyingine zikapita. Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao. Mimi nilichuma, akala mama peke yake.

Eda ilipokwisha tulikwenda Moshi wiki ileile. Daktari alimpima kwa muda mrefu, kisha akasema damu ilivuja na kovu limeshaota katikati. Sindano ingeweza kulinda kilichobaki, lakini kilichopotea hakirudi. Aliuliza kama mama hakuwahi kuona vitu vilivyonyooka kama vimepinda, na tulikuwa wapi miezi yote ile. Nikaukumbuka mwimo wa mlango, nikasema tulikuwa na msiba.

Shehe alikuja kumjulia hali mama, nami nikamweleza yote. Hakunikaripia. "Eda haimzuii mgonjwa kwenda kutibiwa, mwanangu," alisema. "Mngeniuliza tu." Nililia mbele yake bila kuona haya.

Alipoondoka, mama alinigeuzia uso pembeni kama mtu aliyenuna, maana siku hizo ndivyo alivyoweza kuniona kidogo, kwa pembe ya jicho.

"Shangazi zako wakiuliza," akasema, "waambie mimi ndiye niliyekataa kwenda."

Waliuliza Ijumaa iliyofuata, mama akiwa ameketi nasi mkekani. Nikawaambia hivyohivyo.

"Sasa wifi, nani angekusema kwa kwenda hospitali?" shangazi mkubwa akamgombeza. "Ukaidi gani huu?"

Mama akamwomba radhi.