Seremala wa Hässelby na Siku Moja ya Takayama

Saa moja asubuhi, karakana iliyo nyuma ya maduka ya Vällingby, pembezoni mwa Stockholm, inanukia msonobari uliokatwa punde. Emérithe Nduwimana amebana fremu ya dirisha la kale kwenye meza ya kazi, ameinama, anavuta msumeno kuelekea kifuani. Wenzake husukuma. Yeye anavuta, taratibu, na unga wa mbao unamwangukia miguuni.

"Mwaka jana wakati kama huu nilikuwa nimeshaikatia tamaa kazi hii," anasema bila kuinua macho.

Emérithe, mwenye umri wa miaka arobaini na minane, anaishi Hässelby na hutengeneza madirisha na milango ya nyumba za kale za Stockholm. Ufundi aliuanza kwa baba yake mtaani Buyenzi, Bujumbura, kabla vita havijamkimbiza. Alipofika Sweden akausomea upya. Baada ya miaka kumi na saba ya kusukuma randa na msumeno, bega la kulia liligoma. Kuna asubuhi ambazo mumewe, Révérien, ndiye aliyemfunga vifungo vya koti.

"Daktari aliniambia nitafute kazi nyingine. Bosi, mtu mwema, akanitafutia nafasi ofisini ya kupokea simu. Nikamwambia nipe mwezi, nifikiri."

Mwezi huohuo binti yao, Natacha, anayesoma Nagoya nchini Japani, alimwalika mama yake. Siku moja ya safari hiyo waliitenga kwa ajili ya Takayama, mji wa milimani wenye mtaa wa kale wa wafanyabiashara.

Akifika hapo kwenye masimulizi, Emérithe anaweka msumeno chini. Sasa mikono nayo inasimulia.

"Nyumba zote ni mbao, nyeusi kwa uzee, zimebanana. Maji yanapita kwenye mfereji kando ya njia, unayasikia. Kwenye milango ya watengeneza pombe ya mchele wametundika tufe kubwa la majani ya mti. Watu wanapiga picha, mimi nimepiga magoti nachungulia maungio. Sioni msumari."

Natacha alikuwa ameipanga siku vizuri: soko la kando ya mto, daraja jekundu, makumbusho. Kila mama alipopapasa nguzo ya nyumba ya watu, alimnong'oneza kwa Kiswidi, "Mamma, inte röra," yaani usiguse.

Kwenye kichochoro kimoja walikuta nyumba iliyobomolewa ukuta, na fundi wa makamo akikata mbao. Emérithe akasimama pale, hasogei, mpaka fundi huyo, Bwana Morishita, akauliza wanatafuta nini. Natacha akamjibu kwa Kijapani kwamba mama yake ni seremala.

"Akanitazama mikono, si uso. Akanipa msumeno. Nami nikasukuma kama nilivyozoea, bamba la msumeno likapinda. Nilidhani nimemharibia chombo chake."

Morishita alilinyoosha bamba, akasema neno moja. Natacha akalitafsiri: vuta. Msumeno wa Kijapani hukata ukivutwa, si ukisukumwa.

"Nikavuta huku nimeuma meno, nangoja bega liniadhibu. Likauma kidogo tu. Nikavuta tena. Nikamwambia Natacha, mwanangu, nenda ukale, mimi sitoki hapa."

Natacha hakwenda. Alikaa juu ya rundo la mbao akitafsiri hadi jua lilipojificha nyuma ya milima. Makumbusho hawakuyaona.

"Nilikasirika sana mwanzoni," anasema kwa simu kutoka Nagoya. "Halafu nikamsikia mama anacheka. Tangu bega liume, sikuwa nimemwona akicheka akiwa na mbao mkononi."

Emérithe hadai kwamba amepona. Bado anafanya kazi nusu siku, na bado anakwenda mazoezi ya bega hospitalini. Lakini nafasi ya ofisini aliikataa, na bosi amemruhusu kutumia misumeno na randa za kuvuta.

Mwezi wa tano atarudi Takayama. Morishita amemwalika wakati nyumba ile itakapowekewa madirisha.

"Nimeshaomba likizo ya wiki mbili," anasema, akiigeuza upande wa pili ile fremu. "Révérien ananiuliza, likizo gani hiyo ya kwenda kufanya kazi? Nimemwambia, ndiyo hiyohiyo ninayoitaka."